Kageha Amngoja Kasa Robo

Sogeeni karibu. Anayetaka kupiga miayo apige polepole, asiniambukize.

Miaka mingi kidogo iliyopita, kulikuwa na msichana mdogo na mjomba wake mwenye miguu mikubwa.

Msichana ni Kageha. Mjomba ni mimi. Viatu vya kunitosha natafuta mpaka leo.

Kageha alikuwa na miaka sita. Kwao ni Kakamega, ambako bahari ni picha ya kalenda ukutani.

Mimi nilikuwa nimezunguka dunia. Nilikuwa nimepotea katika miji kumi na minne! Nikasema, "Kageha, twende ukaione bahari."

Tukaenda, tukaenda. Lami ikaisha. Barabara ikaisha. Tukapanda boti. Tu-tu-tu-tu-tu!

Boti ikatushusha kambini. Huku msitu. Kule bahari. Katikati, vibanda sita vya makuti, na nyani mmoja aliyenitazama vibaya.

"Mwenye kambi ni nani?" Kageha akauliza.

"Sisi," akasema Bi Mwanaamina, mpishi.

"Sisi," akasema Shee, mlinzi wa ufukwe.

Kambi ilikuwa ya kijiji kizima. Huyu alileta makuti, yule alileta kamba, wale walichimba kisima.

Na bahari ikasema: Chwaaa... chwaaa...

Shee akamwonyesha Kageha vijiti vinne mchangani. "Hapa chini kuna mayai ya kasa."

"Kasa ni nani?"

"Ni kobe wa baharini, bi mdogo. Mkubwa kama sinia la pilau!"

"Watoto wake watatoka leo?"

"Bado. Siku nne, siku tano."

Kageha akanuna. Sisi tulikuwa tunaondoka baada ya siku tatu tu.

"Nitarudi nyumbani bila kumwona kasa? Hata mmoja?"

Shee akakuna kichwa.

Mara, ng'aa! ng'aa! Bi Mwanaamina akagonga sufuria. "Chakula saa moja kasa robo! Haya, kasa robo!"

Kageha akaruka. Kasa? Kasa Robo?

Shuleni kwao mwalimu husema "kasorobo". Basi Kageha hakujua kwamba Bi anataja saa tu. Alijua jambo moja: kuna kasa, na jina lake ni Robo.

Mbio mpaka jikoni. "Bi! Kasa Robo anakuja kila siku?"

Bi akatabasamu. Watu wa bara hawa, akasema moyoni. Anakuja, inakuja, kwao yote mamoja.

"Inakuja kila siku, mwanangu."

Kageha naye akamwonea Bi huruma. Mtu mzima, na hajui kusema "anakuja"!

"Hachelewi?"

"Haichelewi hata kidogo."

Asubuhi, ng'aa! ng'aa! "Uji saa mbili kasa robo!"

Kageha akatazama baharini. Hakuna mtu. Hakuna kasa. Chwaaa... chwaaa...

Mchana, ng'aa! ng'aa! "Wali saa saba kasa robo!"

Kageha akatazama tena. Hakuna. Chwaaa... chwaaa...

"Mjomba, mbona Kasa Robo haji?"

Nilidhani ni rafiki yake mpya wa kijijini. "Atakuja tu," nikasema.

Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha wavu, baina ya miti miwili. Kusema kweli, nilikuwa nimenaswa kama samaki changu. Kuingia nilijua. Kutoka sikujua.

Ikafika siku ya mwisho. Mvua ikanyesha, ikapita. Jua likajificha mawinguni.

Ng'aa! ng'aa! "Chai saa kumi na moja kasa robo! Ya mwisho hiyo kwa wageni wetu!"

Ya mwisho! Moyo wa Kageha ukadunda. Du-du-du!

Akachukua kipande cha mkate wa mofa, kwa sababu huenda kasa anapenda mkate. Akaenda ufukweni. Akaketi karibu na vile vijiti vinne, kimya, akangoja.

Sisi wengine tulikuwa kwenye chai. Nilikuwa na kikombe cha tatu.

"Huyu mtoto yuko wapi?" akauliza Bi.

Kikombe kikanidondoka. Tukakimbia wote, Bi na mwiko wake mkononi.

Tukamkuta ameketi, mkate mapajani.

"Shhh! Mtamtisha. Namngoja Kasa Robo."

Bi akashika kiuno. "Unamngoja nani?" Akaangua kicheko, akakikata. Ameona midomo ya Kageha inatetemeka.

Akapiga magoti mchangani. "Mwanangu, kasa robo ni saa. Ndiyo kasorobo yenu ya shule."

"Kwa hiyo hayupo?"

"Hayupo," akasema Bi. Na safari hii hakusema "haipo".

Chozi likaanguka. Tup.

Kageha akainama alifute. Akainama zaidi.

"Mjomba," akanong'ona, "mchanga unapumua."

Mchanga ukapanda. Mchanga ukashuka. Kikatokea kichwa kidogo, cheusi kama punje ya pilipili manga. Kikatokea kingine. Na kingine!

"Wamewahi!" Shee akapiga kelele. "Mvua imewapozea mchanga, wamedhani usiku umeingia!"

Futu-futu-futu! Watoto wa kasa wakatoka, kila mmoja mdogo kama biskuti.

Lakini kaa nao wakatoka mashimoni. Kunguru nao wakatua. Kraa! Kraa!

"Tusingekuwa hapa wangeliwa wote," akasema Shee. "Mistari miwili! Msiwashike, watatembea wenyewe!"

Kageha akasimama huku, Bi akasimama kule. Bi akapunga mwiko. "Shuu! Nenda kwenu, kunguru we!" Kageha akapiga miguu chini. Kaa wakarudi mashimoni.

Futu-futu-futu. Wimbi likaja, likawachukua. Chwaaa... chwaaa...

Akabaki mmoja, mdogo kuliko wote. Akatembea, akatembea, mara akatumbukia shimoni. Akapanda, akaporomoka. Akapanda, akaporomoka.

"Nani amechimba shimo hapa?" akauliza Bi.

Halikuwa shimo. Ulikuwa unyayo wangu.

Wote wakanitazama miguu. Hata kunguru.

"Nimshike?" akauliza Kageha.

"Usimshike," akasema Shee.

Kageha akalala kifudifudi. Kwa kidole, polepole, akausawazisha ule ukingo wa mchanga. Akatengeneza njia ndogo.

"Haya, pita," akamwambia. "Pole. Ni miguu ya Mjomba."

Yule mdogo akapanda. Akapita. Futu... futu... futu... Wimbi likaja taratibu. Likamchukua.

Kageha akapunga mkono mpaka mkono ukachoka.

Siku hizi Kageha ni mrefu kuliko mimi. Lakini nikifumba macho, namwona palepale, kifudifudi, pua imejaa mchanga.

Jioni ile hakumaliza chakula. Alisinzia na tonge mkononi.

Bi akaleta maji ya kumwosha miguu. Akamtazama. Akayaweka chini.

"Mwache," akaninong'oneza, akimfunika leso yake. "Amefanya kazi kubwa leo."

Kageha akalala hivyo hivyo, na mchanga wake wote.