Uvimbe Upande wa Ndani

Mama mshonaji na mumewe walikuwa na gari jipya, la miezi miwili tu. Mke ndiye aliyeendesha. Mume ndiye aliyeringa. Kila asubuhi walipofika dukani kwa mke, mume alishuka mbio, akasimama mbele ya gari, akapunga mikono.

"Pandisha, mke wangu. Pandisha juu ya ukingo wa barabara. Watu walione."

Mke akapandisha. Tairi likagonga zege, du, kisha gari likasimama mlangoni kama limewekwa kuuzwa.

Siku moja mke akasema, "Usukani unatetemeka. Nikifika themanini, mikono inaingia ganzi."

"Gari jipya hilo. Ni barabara tu."

"Barabara ileile ya kila siku?"

"Basi endesha sitini."

Akaendesha sitini. Mtetemo ukapungua, lakini moyo wake haukutulia, akamrudia mumewe na neno lilelile tena na tena. Jumamosi walikuwa wanakwenda kumchukua binti yao hospitali, na mtoto wa siku tatu. Mjukuu wa kwanza huyo. Njia kuu, mwendo wa saa mbili.

Ijumaa akafunga cherehani mapema, akaenda kwa fundi matairi, mama mmoja ambaye mtaa mzima humwita Bi Jeki. Mume akamfuata shingo upande.

Bi Jeki hakushika chombo. Aliuliza kwanza.

"Linatetemeka ukikanyaga breki?"

"Hapana. Likishika kasi."

"Ingekuwa kwenye breki, ningeanza na breki. Kwenye kasi naanza na matairi."

"Matairi mapya hayo," mume akadakia. "Hata vinyweleo vyake vya mpira havijaisha."

"Hata kichanga huugua, shemeji."

Akapiga jeki, akapitisha kiganja taratibu nyuma ya tairi la mbele. Kiganja kikasimama.

"Lete mkono wako."

Mume akagusa. Uvimbe, mkubwa kama nusu limau.

"Nyuzi za ndani zimekatika," Bi Jeki alisema. "Mnagonga wapi kingo?"

Mume akakohoa. "Dukani. Kila siku. Namwambia mimi."

"Hili halizibwi. Lingepasuka mkiwa kwenye kasi. Mkisikia mtetemo, kupunguza mwendo si dawa. Leteni gari likaguliwe. Na kila mwezi pimeni upepo, mkague matairi pande zote mbili, nje na ndani."

Akafunga tairi jipya, akafanya balansi, yaani akasawazisha uzito wa magurudumu yote, akahakikisha ya mbele yamenyooka.

Jumamosi, wakirudi, mke alifika themanini na usukani ulitulia tuli. Nyuma, mjukuu alilala fofofo kwenye kiti chake, ubavuni mwa mama yake. Walipofika nusu ya safari, mume akamgeukia mkewe.

"Uliniambia mara tatu," alisema.

"Mara nne."

Mume akageuka nyuma kumtazama mtoto. Macho yakamlowa. "Nisamehe. Ningewapoteza nyote kwa ubishi wangu."

"Nimekusamehe, baba," mke alisema bila kuondoa macho barabarani. "Ila siku nyingine, mara moja itoshe."