Vivuli vya Duka la Fundi Saa

Kila Jumamosi, Kiherehere alifagia studio ya picha ya shangazi yake na kufuta vumbi kwenye taa. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana mikono yake haikujua kutulia. Kitu kimoja tu alikatazwa kugusa: kamera.

Asubuhi hiyo shangazi aliguna mbele ya kompyuta.

"Hebu ona balaa hili."

Kwenye kioo alikuwapo mzee fundi saa, ameketi dukani kwake, saa za ukutani zikiwa nyuma yake. Shangazi alipoongeza mwanga penye vivuli, pakajaa chembechembe nyekundu na kijani, kama mchanga uliomwagwa. Saa hazikuonekana.

"Si umpige tena, shangazi?"

"Nimpigie wapi? Duka limevunjwa leo alfajiri. Amekaa pale miaka thelathini na minane, na saa sita anakuja kuchukua picha." Akaisukuma kamera kando. "Imekufa hii. Naipeleka kwa fundi. Wenye harusi ya kesho watafute mpiga picha mwingine."

Kiherehere aliacha kufuta taa. Juzi alipita studio, na shangazi alipotoka, aliichukua kamera, akazungusha gurudumu la mwanga ili picha ya paka iwe na giza la kupendeza. Hakulirudisha.

Shangazi alifunika lenzi, akapiga picha ya giza tupu, akaikuza. "Safi kabisa, haina chembe. Sasa ugonjwa uko wapi?"

Saa tano na robo. Shangazi alianza kuifunga kamera kwenye mkoba.

"Shangazi, ni mimi," Kiherehere alisema. "Nilizungusha gurudumu."

Shangazi alivaa miwani, akalitazama. "Hatua tatu chini! Na mimi nikadhani ni giza la duka." Akalirudisha gurudumu mahali pake. "Kumbe kamera ni nzima, ilinyimwa mwanga tu. Sogeza kiti. Jana nilimpiga mzee picha tisa mfululizo."

"Si zote mbovu?"

"Chembe hizi hurukaruka, katika kila picha zina mahali pake. Saa hazikuhama, na mzee alitulia, maana amezoea kubana pumzi akishika skrubu ndogo. Tukizipanga picha pamoja na kuchukua wastani, chembe zitafifia. Nikagulie ametikisika katika ipi."

"Ya nne amepepesa macho."

"Itoe."

Zilibaki nane. Polepole mchanga ulififia, na saa zikajitokeza ukutani, moja baada ya nyingine. Mashine ya kuchapia ilikuwa bado inanguruma mzee alipobisha hodi.

Aliishika picha kwa mikono miwili. "Hata ile saa ya mama mkwe, iliyogoma kupona!" Akacheka, kisha akakunja uso. "Lakini mishale ya sekunde imekwenda wapi?"

Shangazi alimtazama Kiherehere.

"Imefutika kwa sababu yangu, babu. Nilichezea kamera, ikabidi tuunganishe picha nane. Kilichokuwa kinatembea kimepotea. Nisamehe."

Mzee aliitazama tena. "Haidhuru. Wacha zipumzike, nami nastaafu."

Alipoondoka, shangazi alimkalisha mpwa wake.

"Ungenyamaza, ningepeleka kamera nzima kwa fundi, na mzee angeondoka mikono mitupu. Kukosea kulitupotezea mishale. Kuficha kungetupotezea saa zote. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Basi Jumamosi ijayo nitakufundisha gurudumu hilo. Ila kwanza utafagia, na utaomba ruhusa."