Gari Linalopiga Magoti

Ulilipita. Usikatae. Uliliona gari kubwa jeusi limelala upande mmoja uani kwa mshonaji, ukageuza uso. Ukasema moyoni, "Gari la kitajiri, taabu za kitajiri. Hazinihusu." Zinakuhusu. Sikiliza.

Mume wa mshonaji alimwendesha tajiri miaka kumi na tisa. Tajiri alipolichoka gari, alimpa dereva wake liwe kiinua mgongo. Mume akafa, gari likabaki. Viti vyake vya ngozi vilikuwa vimepasuka, lakini lilijua jambo moja. Ukibonyeza kitufe, lilishuka taratibu kama ngamia. Mama yake mshonaji, mwenye nyonga mbovu, aliingia mwenyewe. Mara mbili kwa wiki alikwenda kliniki kufanya mazoezi ya mguu.

"Mimi si gunia la kubebwa," mama alisema. "Gari hunipigia magoti. Nani mwingine amewahi?"

"Baba alikupigia."

"Alikuwa anatafuta kiatu."

Asubuhi moja gari likakutwa limelala. Gereji kubwa yenye vioo ikabadilisha kompresa, ile pampu inayojaza upepo kwenye mifuko ya mpira inayolibeba gari. Miezi mitano baadaye likalala tena. Gereji ikasema ni kompresa tena. Kisha fundi mkuu akamwambia mshonaji, "Mama, siku zake zimekwisha. Tafuta jingine."

Siku hiyohiyo alifika shemeji yake, dalali wa magari, kama nzi kwenye kidonda.

"Shemeji, hili ni jeneza lenye matairi. Niachie. Nikutafutie kagari kadogo, kapya."

"Mama ataingiaje?"

"Tutambeba."

Mama alisikia dirishani. "Unibebe wewe? Wewe hata mwavuli wako unabebewa."

Lakini hakucheka. Wiki mbili hakwenda kliniki. Mguu ulianza kukaza.

Mshonaji alitazama cherehani yake. Hiyo nayo aliambiwa aitupe, miaka kumi na miwili iliyopita. Redio pia. Jiko pia. Kila mara, aliyesema "tupa" ndiye aliyekuwa anauza kipya. Akainuka, akaenda kwa jirani yake, mwanamke anayeziba matairi. Mtaa mzima humwita Mama Viraka.

Mama Viraka alikuja na ndoo ya maji ya sabuni na brashi.

"Dada, gereji walipima kwa kompyuta," mshonaji alisema.

"Kompyuta imewaambia pampu imechoka. Imechoka kwa nini, hawakuuliza. Mdogo wangu, ndoo ikitoboka, utaulaumu mkono unaochota?"

Aliinua gari kwa jeki, akaweka stendi za chuma. "Usiingie chini ya gari hili bila hizi. Upepo hauna huruma. Ukivuja, gari linakushukia."

Mshonaji akawasha injini. Mama Viraka akapaka sabuni kwenye mfuko wa nyuma, kushoto. Povu likachemka kwenye mkunjo.

"Umeona? Mpira umezeeka, umepasuka. Pampu inaujaza mchana kutwa, mwishowe inaungua. Badilisha mifuko yote miwili ya nyuma. Pampu itapumzika."

"Huwezi kuziba?"

"Kiraka hapa? Nitakuwa mwongo kama wao."

Mshonaji alilipiga picha lile povu, akaenda gereji.

"Mama, mafundi ni sisi," alisema fundi mkuu.

"Basi pakeni sabuni mbele yangu. Bila hivyo siondoki."

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Akatoa suruali ya mtu kwenye mfuko wake, akaanza kushona pindo zake. Mteja mmoja akasogea. "Hata langu hulala." Mwingine akasema, "Mimi nimebadilishiwa pampu mara tatu." Ghafla brashi ikapatikana. Gari likavutwa kutoka uani kwake, sabuni ikapakwa, povu likatoka palepale. Fundi mkuu akaagiza mifuko mipya ya nyuma. Mifuko miwili ikafungwa. Pampu haikuguswa.

Alhamisi mshonaji akabonyeza kitufe, gari likapiga magoti. Mama akaingia mwenyewe, akafunga mlango mwenyewe. Miezi minane sasa, mguu unanyooka, na pampu ni ileile.

Na wewe? Kuna gari, friji au mashine kwako iliyohukumiwa bila kuchunguzwa. Usingoje kesho. Nenda leo kwa aliyekuambia ununue jipya. Mwambie akuonyeshe ubovu ulipo, kwa macho yako. Akikataa, keti. Usiondoke.