Sanda Isiyofika Miguuni

Kila Jumamosi Raudha alikuwa na kazi tatu: kufagia duka la baba yake, kupanga majora ya vitambaa, na kuwapimia wateja. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini mikono yake ilikimbia juu ya rula ya mbao kama ya mtu mzima. Wateja wa Kariakoo, ambao hawana subira hata ya kungoja chenji, walimsifu.

"Huyu binti kamfuata baba yake!" walisema, naye kichwa kikamvimba kidogo.

Kumfuata baba lilikuwa jambo la fahari. Mzee Abdulmalik alianza kwa kutandaza vitambaa chini kando ya barabara. Sasa alikuwa na duka la milango miwili na nyumba ya ghorofa Ilala. Swala haikumpita, na safu yake msikitini ilikuwa ya mbele. Mwalimu Candida alipowaambia wanafunzi waandike insha juu ya "Mtu Aliyefaulu", Raudha alijaza kurasa nne kuhusu baba yake. Nusu ya kurasa hizo zilisifia ghorofa, hadi rangi ya vigae.

"Soma kwa bidii, ufaulu," baba alizoea kumwambia. "Ukizembea utaishia kukokota mkokoteni kama Mzee Ismail."

Mzee Ismail alikuwa mrefu, mwembamba, na alibeba mizigo ya maduka ya mtaa ule tangu Raudha hajazaliwa. Ramadhani iliyopita alirudisha jora zima lililopakiwa kwenye mkokoteni wake kwa makosa. Alitembea nalo kutoka Buguruni, amefunga, jua likiwa utosini. Baba alimshukuru sana. Mzee alipoondoka, baba akacheka. "Ndiyo maana hafiki popote," alisema.

Jumamosi moja, baba akiwa stoo, Ustadhi Shomari aliingia dukani. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti pale mtaani.

"Shikamoo, Ustadhi."

"Marahaba, binti yangu. Nipimie mita nane za bafta nyeupe, za sanda. Mzee Ismail ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya Alasiri."

"Mzee Ismail wa mkokoteni? Innalillahi! Si jana tu alipita hapa?"

"Ndiyo dunia hiyo, mwanangu."

Raudha alipima kama alivyozoea. Aliuvuta mwisho wa kila mita, akaubana kwa kidole gumba, kisha akaanza mita iliyofuata nyuma ya kidole hicho. Ndivyo alivyomwona baba akifanya tangu yeye yuko darasa la kwanza.

Hazikupita saa mbili, Ustadhi akarudi anahema, vitambaa vikiwa kwapani. Safari hii baba alikuwepo.

"Abdulmalik, samahani. Nadhani tumekosea wenyewe kukata. Tulipovitandika, kipande cha tatu hakikutosha. Miguu ya marehemu itabaki nje."

"Miguu nje?" Raudha alishtuka.

Fundi Allan, ambaye cherehani yake ilikuwa barazani pale pale, alisimama na tepu yake shingoni. "Leteni niwapimie." Alivipima vipande vyote vitatu, akarudia. "Hazijafika mita nane. Zimepungua sentimita kumi na tano."

"Haiwezekani!" Raudha alipiga kelele. "Nimepima mwenyewe! Ngojeni, nawaonyesha."

Alivuta bafta nyingine, akapima mita tatu mbele yao, haraka na kwa madaha, kama kawaida yake. Allan akalaza tepu juu yake. Kitambaa kilipungua upana wa vidole vitatu. Raudha alikitazama kidole gumba chake. Ndipo alipoona. Kila alipoanza mita mpya nyuma ya kidole, upana wa kidole hicho ulihesabiwa mara mbili, na mteja aliukosa.

Ni yeye aliyempunja Mzee Ismail sanda yake!

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nimepima kama wewe."

Allan alikohoa. "Mzee, usinikasirikie. Wateja wanaonunua kwako mimi huwaambia waongeze nusu mita. Miaka yote."

Ustadhi Shomari alikuwa mpole, akataka kuwasitiri. "Basi, yaishe. Ni mtoto huyu, mkono umemteleza tu."

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi. Baba angeweza kusema, "Ndiyo, mtoto kakosea," na mambo yangeishia hapo. Raudha alimtazama machozi yakimlengalenga, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Hakuogopa kuchapwa. Aliogopa baba angesema hivyo.

Baba alikaa juu ya jora, uso umemsawajika. "Hapana, Ustadhi. Si mtoto, ni mimi. Tajiri wangu wa kwanza alinifundisha mkono huu, na mimi nikampa mwanangu. Sikujua kama nimempa."

Akaomba tepu ya Allan. Alipima bafta mpya polepole, mita kumi, akakataa malipo. Kisha akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Raudha hakuwahi kuliona, wakaenda msibani.

Mtaa ulikuwa umejaa. Wachukuzi, wenye maduka, mama wauza mihogo, Waislamu kwa Wakristo, kila mmoja alikuwa na habari ya kitu alichorudishiwa na Mzee Ismail. Baba alizisikiliza zote ameinamisha kichwa.

Jioni, wakirudi nyumbani, adhana ya Magharibi ikaanza. Baba akasimama.

"Unasikia? Hayya alal-falah. Njooni kwenye kufaulu. Tunaitwa mara tano kila siku, mwanangu, na mimi nilikimbilia safu ya mbele bila kusikia. Nilidhani kufaulu ni ghorofa. Yule mzee ameondoka, na sidhani kama kuna wa kumdai haki yake mbele ya Mungu. Mimi Kariakoo nzima itanisimamisha kunidai. Kufaulu ni kufika kwa Mola wako ukiwa hujamdhulumu mtu, hata kwa upana wa kidole. Nisamehe kwa niliyokufundisha."

Raudha alimshika mkono, wakaenda kuswali.

Insha aliiandika upya. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na haikuwa na vigae.

Jumamosi iliyofuata, mezani kulikuwa na rula mpya ya chuma, na ukutani karatasi iliyowaita waliopunjwa waje wachukue haki yao. Mama mmoja, mteja wa miaka mingi, alinunua mita nne za kitenge. Raudha alizipima taratibu, kila mita ikianzia pale iliyopita ilipoishia. Yule mama alikikunjua kitambaa, akakilinganisha na mikono yake, akashangaa.

"He! Leo mmenizidishia, nini?"

Raudha alimtazama baba yake. Baba akajibu mwenyewe.

"Hatujakuzidishia, mama. Hiyo ndiyo mita."