Picha Tisa Zisizopimwa

Shule zilipofungwa, Chiriku alianza kwenda na mama yake kazini, kwenye kituo cha utafiti, kila asubuhi. Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Walipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, mama akafungua chumba chenye meza mbili na feni iliyolalamika kila ilipozunguka, akachemsha maji ya chai, kisha kila mmoja akakaa mbele ya kompyuta yake.

Mama alikuwa mtafiti wa protini.

"Protini si ile ya kwenye mayai?" Chiriku aliuliza siku ya kwanza.

"Hiyo ni moja tu. Hata vijidudu vya maradhi vina protini zao," mama alimjibu. "Fikiria uzi mrefu uliotungwa shanga. Kila ushanga ni asidi amino. Uzi huo haukai umenyooka; unajikunja na kujiviringa, mpaka ushanga wa huku unagusana na ushanga wa kule mbali. Pale zinapogusana ndipo protini inapojishikilia isifumuke. Tukijua pa kuvunja mshiko huo, tumempata adui."

Adui mwenyewe alikuwa kijidudu kinachoshambulia mapafu ya watu. Mama alikuwa na picha ishirini za protini moja, kutoka aina ishirini za kijidudu hicho. Alitaka kujua kama ushanga namba arobaini na moja na ushanga namba tisini na saba zinagusana katika aina zote. Programu aliyoiandika bado ilikuwa na kasoro, hivyo alihitaji jicho la mtu.

Alimpa Chiriku daftari. "Zungusha picha, bofya shanga hizo mbili, usome umbali. Namba ikiwa nne au chini ya hapo, andika zinagusana. Ikizidi nne, andika hazigusani. Usinipambie kitu. Andika unachokiona."

Kazi ilikuwa ya kukodoa macho. Shanga zilijificha nyuma ya nyingine, na picha moja iliweza kumlia mtu dakika ishirini. Siku ya pili, saa tisa alasiri, Chiriku alikuwa amemaliza picha kumi na moja, na zote zilikuwa zinagusana. Mama alikuwa ametoka kidogo. Chini uani, watoto wa wafanyakazi walikuwa wakiruka kamba, na sauti ya rafiki yake, binti wa mlinzi, ilipanda hadi dirishani.

"Chiriku! Zamu yako inapita!"

Chiriku alitazama picha tisa zilizobaki. Kumi na moja zimegusana, alijisemea, hizi tisa zitakwenda wapi? Akachukua kalamu. Tatu nukta moja, zinagusana. Tatu nukta nne, zinagusana. Kwa dakika mbili safu ilijaa hadi chini. Akafunga daftari, akashuka ngazi mbili mbili.

Kesho yake mama alifungua daftari. Alisoma ukurasa, akarudia kuusoma. Kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Ishirini kwa ishirini!" alisema. "Mwanangu, unajua ulichoniletea? Mshiko huu haubadiliki popote!" Akamkumbatia kwa nguvu hadi kalamu ikamdondoka mkononi.

Chiriku alitaka kucheka, lakini macho yake yalibaki kwenye daftari. Mama alishakamata simu. Haukupita muda mlango ukafunguliwa, akaingia mkemia, mtu mfupi mwenye kipara na utani usiokwisha, aliyemwita mama dada.

"Dada, kama ni kweli, kesho asubuhi ninaanza kutengeneza kiambata, yaani kemikali ya kuuvunja mshiko huo," alisema. "Ule unga wa kukitengenezea, tuliousubiri miezi minane, ninao kabatini. Chupa ni moja tu, na ikishafunguliwa unga hauhifadhiki tena. Na wewe je, mwanasayansi mdogo?" Akamgeukia Chiriku. "Tukupigie makofi au tukununulie koti jeupe?"

Chiriku aliinama kuokota kalamu yake.

"Leo chiriku kameza mbegu ya embe," mkemia alitania, akatoka akicheka.

Mchana ule Chiriku alimtafuta binti wa mlinzi, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Nani atajua?" rafiki yake alisema. "Umeona wewe peke yako. Nyamaza tu. Ukisema, mama yako atafukuzwa kazi, shauri yako."

Maneno hayo yalizidi kumtia hofu. Mama afukuzwe? Kila aliposikia hatua za viatu koridoni, aligeukia mlango. Profesa, mama mtu mzima aliyekuwa mkuu wa kituo, alipopita na kumtazama juu ya miwani yake, Chiriku alihisi kosa lake limeandikwa usoni.

Alijipa tumaini moja: labda alibahatisha sawasawa. Mama alipokwenda kuchapa taarifa ya mkutano wa kesho, Chiriku alifungua picha ya kumi na mbili. Tatu nukta sita. Akashusha pumzi. Ya kumi na tatu: tatu nukta tatu. Akaanza hata kutabasamu. Akafungua ya kumi na nne, akabofya ushanga wa kwanza, akabofya wa pili.

Tisa nukta nane.

Alifuta, akabofya upya. Tisa nukta nane. Shanga zilikaa mbali kabisa, katikati yake pengo jeusi, kama watu wawili waliogombana. Hatua zikasikika mlangoni, akaifunga picha haraka.

"Vipi, mbona umekuwa kimya hivyo?" mama aliuliza, akamwekea mkono kwenye paji la uso. "Unaumwa?"

"Hapana, mama."

Jioni hakula. Mama alizungumza chakula kizima juu ya wagonjwa wanaongoja dawa, macho yake yakimeta, na kila neno lilimchoma binti yake. Mara tatu alifungua mdomo. Mara tatu aliufunga.

Asubuhi walipofika, ukumbi wa mikutano ulikuwa umeshajaa watu. Mama alikuwa ameshika taarifa kifuani. Alipoukamata mpini wa mlango, Chiriku alimshika mkono.

"Mama, usiingie."

"Nini tena? Nimechelewa."

"Picha tisa sikuzipima." Sauti ilimtoka nyembamba, kama si yake. "Nilipima kumi na moja. Nyingine nilizitunga, nikaenda kuruka kamba. Ya kumi na nne hazigusani, mama. Jana niliiona."

Mama hakumgombeza. Hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Aliishusha taarifa, uso ukimbadilika. Kisha akaangalia saa.

"Mkemia!" alisema. "Haji kwenye mkutano. Ameshaanza kazi! Kimbia, mwanangu, mimi nawaambia hawa!"

Chiriku alikimbia. Ngazi zilimpita chini ya miguu bila kuzihesabu. Kwenye koridoo ya chini alimkwepa mfagiaji na ndoo yake, akafika kwenye mlango wa kioo wa maabara. Ndani, mkemia alikuwa amevaa glavu na miwani ya kazi. Chupa ilikuwa mkononi, kidole gumba kikiwa kwenye kizibo.

Chiriku alikipiga kioo kwa viganja vyote viwili. "Mjomba! Usifungue! Usifungue, ni uongo!"

Mkemia aliinua uso. Mkono wake ukaganda. Polepole, akaiweka chupa mezani, bado imefungwa, akaja mlangoni.

"Uongo wa nani?"

"Wangu," Chiriku alisema, akaketi palepale sakafuni, akalia.

Safari hii mkemia hakutania. Alimwinua, akampandisha ngazi. Walipoingia ukumbini, mama alikuwa amesimama mbele ya wote, taarifa imekunjwa mkononi.

"Kosa ni langu pia," alikuwa akisema. "Namba zilinipendeza, nikaziamini bila kuzikagua hata moja. Ningekagua tatu tu, ningejua. Nawaombeni radhi."

Profesa alimgeukia Chiriku.

"Ulipima ngapi kwa kweli?"

"Kumi na moja, Profesa. Na jana tatu. Kumi na nne."

"Basi zimebaki sita. Nendeni mkapime. Halafu mnipimie zote ishirini upya, mama na mtoto, kila mmoja peke yake. Mkutano utakuwa Jumatatu."

Hakuna aliyefukuzwa. Walikaa chumbani mpaka jioni, na siku iliyofuata pia. Ukweli ulikuwa huu: katika picha kumi na sita shanga ziligusana, katika nne hazikugusana. Mshiko ule haukuwa wa kutegemewa, na mama alilazimika kutafuta mwingine. Unga ulirudi kabatini, mzima.

"Nimekuharibia kazi," Chiriku alisema walipozima kompyuta.

"Ulikaribia," mama alimjibu. Akavuta kiti, wakatazamana. "Nisikilize vizuri. Hizi nne zisizogusana zinaniuma, lakini ni za kweli, na kesho nitaanzia hapo. Zile tisa ulizotunga zingetupeleka kwenye giza sote, na mwishowe mgonjwa angekunywa dawa isiyomsaidia. Uliogopa kusema, najua, na uliposema hofu haikuwa imekuisha. Hata hivyo ulisema, na chupa haijafunguliwa. Siku nyingine ukichoka, njoo uniambie, 'Mama, nimepima kumi na moja tu.' Nitazipokea hizo kumi na moja kwa mikono miwili."