Meza ya Watu Wawili

Mkono wa kulia wa mkutubi ulikufa ganzi Jumatatu moja asubuhi, akiwa anapaka gundi kwenye mgongo wa kitabu cha jiografia kilichochanika. Haukuuma. Ulipoa tu, kuanzia ncha za vidole hadi kwenye kiwiko, na brashi ikamponyoka. Akaufinya, akaupuliza, akaukung'uta, wapi! Baada ya robo saa ukarudi wenyewe, naye akajisemea kwamba uzee umeanza kubisha hodi, ingawa alikuwa na miaka thelathini na sita tu.

Upande wa pili wa meza, mwandishi alikuwa ameweka kalamu chini na kujinyoosha.

Meza yenyewe ilikuwa ndefu, ya mbao nyeusi, na viti viwili, kimoja kila mwisho. Ilikuwa mali ya mchoraji mmoja mashuhuri wa mji ule, mwanamke aliyefariki miaka miwili nyuma. Alitengenezewa na rafiki yake mchongaji, na kwa miaka thelathini meza ile ilikuwa ya wao wawili. Mchoraji alipokufa, ndugu zake wakaitoa zawadi kwa maktaba. Maktaba ilikuwa na upungufu wa meza tangu izaliwe, ikaipokea kwa mikono miwili. Mkutubi akaiweka chini ya dirisha, mwisho mmoja akawaachia wasomaji, mwisho wa pili akaufanya kona yake ya kutengeneza vitabu vilivyochanika. Nani angemlaumu? Mwanga pale ulikuwa mzuri.

Mwandishi alikuja kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na kichanga cha miezi mitatu kinacholia kama kina mkataba. Alikuwa anaandika kitabu juu ya maisha ya mchoraji na mchongaji. Kabla ya hapo hakuwahi kuandika chochote zaidi ya tanzia na matangazo ya gazetini, lakini kitabu kile kilimtoka kama maji. Miezi minne tu, kikaisha.

"Sijui yanatoka wapi, dada," alikuwa akimwambia mkutubi huku anacheka. "Nakaa tu hapa, yanakuja."

Katika miezi hiyohiyo minne, binti wa mkutubi alianza kubanwa na kifua. Alikuwa na miaka saba, kipenzi cha mtaa mzima, wakimwita Kijino kwa sababu ya pengo lake la mbele. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama yake. Daktari alisema ni pumu, akatoa dawa ya kuvuta. Ajabu ni kwamba kifua kilibana asubuhi za siku za shule, na Jumamosi na Jumapili mtoto alikuwa mzima, anaruka kamba. Mwalimu wake akadokeza kwamba labda anaogopa hesabu. Mama akaamini nusu, na kuamini huko kulikuja kumtia aibu baadaye.

Kitabu kilipochapishwa, mazungumzo na mwandishi yalipangwa pale maktaba, Jumamosi saa tisa alasiri. Viti viliwekwa arobaini, wakaja watu hamsini na watatu, wengine kwa ajili ya chai, tusidanganyane. Mbele kabisa alikaa yule mwalimu mstaafu ambaye swali lake huwa ni hotuba. Mkutubi alisimama mlangoni kuhesabu watu, na hapo ndipo aliposikia harufu ya rangi mbichi, na chini ya harufu hiyo, harufu ya maranda ya mbao iliyokatwa sasa hivi. Akaangalia kuta. Zilikuwa hazijaguswa na brashi kwa miaka sita.

"Nilipopanga tarehe za kazi zao," mwandishi alisema, "nikagundua jambo tamu sana. Katika miaka thelathini, mabibi hawa hawakuwahi kufanya kazi wote wawili katika wiki ileile. Mchoraji akichora, mchongaji yuko nyumbani anauguza mtoto. Mchongaji akichonga, mchoraji ndiye anayeuguza. Walipokezana. Kama huo si upendo, basi mimi upendo siujui."

Watu wakapiga makofi. Yalipotulia, bibi kizee mmoja akasimama safu ya nyuma, ameshikilia kiti cha mbele yake. Minong'ono ikapita ukumbini, kwa maana alikuwa mchongaji mwenyewe, na hakuwa ameonekana nje ya nyumba yake tangu rafiki yake azikwe. Mwalimu mstaafu, ambaye mkono wake ulishakuwa juu, akaushusha.

"Kitabu kizuri," bibi alisema. "Lakini hukuandika watoto walikuwa wangapi."

"Niliandika kwamba mliwapoteza, bibi."

"Wangu wawili. Wake watatu. Ile picha yake ya soko mnayoisifu, siku alipoimaliza ndiyo niliyomzika mwanangu wa kwanza. Mimi nilipomaliza mlango wa ukumbi wa mji, naye akazika. Wewe umeandikia wapi?"

Mwandishi akaonyesha meza, iliyokuwa imesogezwa ukutani na kupangwa nakala za kuuza. Bibi akaitambua.

"Na mwisho ule mwingine anakaa nani?"

Mkutubi alijikuta ameinua mkono kama mwanafunzi.

Waliongea watatu stoo, mlango umefungwa, katikati ya maboksi ya magazeti ya zamani, huku nje watu wakinywa chai kwa sauti za chini.

"Ni jini," bibi alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja panya wa darini. "Nadhani lilikuwa kwenye ule mti wa meza kabla sijaukata. Linampa mmoja kazi, linakula nyumbani kwa mwenzake. Niliwaambia ndugu zake wachome hiyo meza. Wao wakaona heshima ni kuigawa."

"Basi tuichome leo hii," mkutubi akanong'ona.

"Halimo tena mezani, mwanangu. Limo mikononi mwenu."

"Lakini mimi siandiki! Mimi hata jua siwezi kuchora."

"Ndiyo maana linakula kwako tu."

Zile asubuhi zote za shule, mkutubi akawaza, kumbe ndizo mwandishi alizokuwa akiandika.

"Na tukiacha wote?" mwandishi akauliza. Alikuwa ameanza kulia bila kujificha.

"Tuliapa kuacha, mara nyingi. Mwanzo linakushika, unafanya kazi bila kujijua. Baadaye linakuachia ufanye mwenyewe."

"Mlijua," mkutubi alisema polepole, "na mkaendelea?"

"Mwanangu alikuwa anakata roho mapajani mwangu. Yeye alikuwa anachora. Nilichukua patasi." Bibi akajifunga vizuri kanga yake. "Naye alifanya vilevile zamu yake ilipofika. Hatukuwahi kulaumiana."

"Sasa wewe lilikuachaje, bibi?"

"Halikuniacha. Sina tena mtu wa kuliwa."

Mwandishi akaapa kwa kichwa cha kichanga chake kwamba hatashika kalamu tena maisha yake yote. Mkutubi alimwamini, kwa sababu alitaka kumwamini.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, alikuwa anapiga pasi sare ya shule, na Kijino yuko sakafuni anamalizia kazi ya nyumbani, anaimba kupitia lile pengo. Pasi ikamponyoka. Mkono ulikuwa umekufa hadi begani. Na wimbo ukakatika.

Alimwinua mtoto, akampa dawa ya kuvuta, mara moja, mara mbili, mara nne, na kifua kile kidogo kikawa kinapanda bila kushuka, midomo inageuka rangi, macho yanamtazama mama, na harufu ya rangi mbichi ikajaa chumba kizima ikafunika harufu ya nguo iliyokuwa inaungua chini ya pasi, naye kwa mkono wa kushoto akatafuta simu, akabonyeza namba ya mwandishi, akaiweka sakafuni ikiwa kwenye spika.

"Unaandika!" akapiga kelele.

"Siandiki, dada, naapa! Nimekaa hapa nimembeba mtoto."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mkwaruzo, kwaru, kwaru, bila kupumzika.

"Kaka, mkono wako wa kulia uko wapi?"

Akamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Mama yangu weee." Kisha, "Hauachi. Dada, hauachi!"

Mkutubi alikijua kichanga kile. Aliwahi kukibeba pale maktaba, kikamcheulia begani, akacheka. Alikikumbuka vizuri sana, uzito wake na joto lake, wakati alipookota penseli ya Kijino kwa mkono wa kushoto na kuichomeka katika vidole vyake vilivyokufa, na vidole vikajikunja vyenyewe kuishika, na ule mkwaruzo wa kwenye simu ukakoma papo hapo, na penseli ikaanza kukimbia juu ya daftari la hesabu, mistari laini, yenye uhakika, mistari ya mtu aliyechora maisha yake yote.

Kijino akavuta pumzi ndefu. Akakohoa, akavuta nyingine. Rangi ikamrudia midomoni. Akajiegemeza kwa mama yake, akachungulia daftari.

"Mama, huyo mtoto mchanga ni nani?"

"Nenda kanywe maji, mwanangu."

"Dada?" ilisema simu. "Dada, mtoto anahema vibaya. Dada, hapumui vizuri. Acha. Nakuomba, tafadhali, acha!"

Mkono ulikuwa umesharudi. Ulikuwa na joto, ulikuwa wake, na kama angetaka kuusimamisha ungesimama. Alijaribu, kwa nukta moja, akaona unamtii. Jikoni, Kijino alikuwa anakunywa maji kwa kelele, mafunda makubwa, ya mtoto mzima wa afya.

Mkutubi akakata simu, akaanza kuchora macho.