Msuko wa Kwenye Sinki

Haya yalimkuta rafiki yangu msusi, na mpaka leo akisimulia lazima ateme mate. Alikwenda na mumewe kutembea jiji kubwa wasilowahi kufika, siku mbili tu, wakashangae maghorofa. Mchana walirudi hotelini kuoga, wakakuta umeme umekatika. Bafu halikuwa na dirisha. Humo gizani sinki lilikuwa likibeua kama mtu aliyevimbiwa.

"Mama watoto, limeziba hili," mume akasema. "Linanuka kama mzoga!"

"Ni nywele tu hizo. Hebu nipishe."

Akatumbukiza vidole tunduni, akashika kitu chenye utelezi, akavuta. Kikaja, kikazidi kuja, kimejaa ute, mpaka mumewe akatapika palepale mlangoni. Msusi akakipapasa: ulikuwa msuko. Akapapasa na ncha yake. Yeye humalizia misuko kwa fundo alilolibuni mwenyewe, na hajawahi kumfundisha mtu. Vidole vyake vikalitambua fundo lile.

Akauachia kwa kinyaa. Sinki likabeua tena, na gizani wakausikia msuko ukiteleza taratibu kurudi tunduni, ukivutwa kutoka chini, upande ule unaoota kichwani.